Shajara ya Dalili za Vuli: Maua na Viumbe wa Vilima na Ufukwe wa Mwanza

Huu ni msimu wa pili wa mradi niliouanza mwaka jana. Kila wiki, kuanzia Septemba hadi Januari, ninatembea kwa miguu katika njia tatu zilezile na kuandika siku ambayo kila ua na kila kiumbe wa mwanzo wa mvua ameonekana kwa mara ya kwanza. Njia ya kwanza inapanda katikati ya mawe ya vilima vya Bwiru. Ya pili inafuata ufukwe wa Luchelele, penye matete na mafunjo. Ya tatu ni fupi, nayo inazunguka Capri Point hadi mahali ambapo boti za kwenda Kisiwa cha Saanane hutia nanga.

Katika nchi za baridi, kazi ya namna hii ina historia ndefu. Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za dalili za majira ya kuchipua, yaani ua la kwanza la msituni, jani la kwanza la mti, mbayuwayu wa kwanza na sauti ya kwanza ya chura, na jamaa zake waliziendeleza kumbukumbu hizo kizazi baada ya kizazi hadi mwaka 1958. Kule kinachoamsha ardhi ni joto. Sisi tulio nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, kando ya ziwa lililo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, joto halitupungukii mwaka mzima, wala tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Kinachoiamsha ardhi yetu ni maji. Kwa hiyo swali ninalolifuatilia ni hili: katika yale tunayoyaita dalili za vuli, ni yapi yanayoitangulia mvua, ni yapi yanayokuja nayo, na ni yapi yanayosubiri mpaka ardhi yenyewe iridhike?

Kanuni nimezipunguza msimu huu. Ua linaandikwa kuwa limechanua pale tu petali zinapoachana na sehemu za ndani zikaonekana, hata kama chipukizi lake nililiona wiki iliyopita. Ndege anaandikwa nikimwona au nikimsikia mwenyewe, si kwa kusimuliwa. Mvua inapimwa kwa chupa ya plastiki yenye kingo zilizonyooka, niliyoiweka uani mbali na paa na miti, na kusomwa kila siku saa moja asubuhi. Kanuni ya mwisho imetokana na kosa la mwaka jana: Bwiru na Luchelele ninatembea asubuhi, kabla ya saa nne. Mwaka jana nilikuwa nikienda jioni baada ya kazi, na nikaandika kwamba kongwe, lile jani la shambani lenye ua dogo la buluu, lilichelewa sana kuchanua. Halikuchelewa. Ua la kongwe hufunguka asubuhi na kunyauka mchana ukipamba moto, kwa hiyo nilikuwa nikipita mlangoni wakati mwenye nyumba amekwisha kulala. Tarehe ile nimeifuta.

Septemba 7, Bwiru

Kiangazi bado kimeshika. Nyasi zimekauka zikawa rangi ya mchanga, na minyaa ya ua wa mashamba ndiyo pekee iliyobaki na ukijani wa kuonekana kwa mbali. Pimbi walikuwa wamelala juu ya jiwe kubwa la upande wa mashariki, wakiota jua kabla ya kwenda kula, na mmoja alikaa juu zaidi ya wenzake kama mlinzi. Alipotuona alipiga mlio mkali, na wote wakatoweka katika nyufa kwa mara moja. Mwanangu wa darasa la sita, ambaye msimu huu ndiye mshika daftari, aliuliza kama ni kweli kwamba mnyama huyu mdogo ana undugu na tembo. Ni kweli, na meno yake mawili ya mbele ya juu, yanayoendelea kukua kama pembe za tembo, ni mojawapo ya alama za undugu huo.

Katika ukame huo mti mmoja wa mwamba-ngoma ulikuwa umesimama bila jani hata moja, na kila tawi limebeba vishada vyekundu vilivyoelekea juu kama ndimi za moto. Ndege wanne aina ya chozi walikuwa juu yake, wakiyafuata maua kwa zamu kutafuta mbochi. Niliandika: mwamba-ngoma, umechanua, mvua bado. Mti huu hauhitaji kusubiri wingu kwa sababu mizizi yake inafika kwenye maji ambayo nyasi haziyafikii, na kuchanua bila majani kunawarahisishia ndege kuyaona maua kutoka mbali.

Septemba 21, Capri Point

Mbayuwayu wa kwanza. Nilihesabu kumi na saba juu ya nyaya za umeme, wenye koo la rangi ya kutu na mkia uliogawanyika, wengine mkia wao ukiwa mfupi kwa sababu ni vijana waliozaliwa mwaka huuhuu Ulaya au Asia. Mzungu wa Norfolk angeandika jina la ndege huyohuyo mwezi Aprili, kwa furaha ya kumpokea. Mimi namwandika Septemba kwa furaha hiyohiyo, na ninapenda kufikiri kwamba safu moja ya daftari lake inaendelea katika langu.

Septemba 26

Mvua ndogo ya usiku. Chupa ilisoma milimita 4. Asubuhi barabara ilikuwa na harufu nzuri ya vumbi lililolowa, na mtaani watu walisalimiana kwa habari ya mvua. Kufikia saa sita mchana ardhi ilikuwa imekauka tena. Nimesikia kwamba baadhi ya majirani wenye mashamba Kisesa walipanda mahindi siku iliyofuata.

Septemba 28, Bwiru

Nilikwenda makusudi kuangalia kama mvua ile ndogo imeamsha chochote. Mahali ninapopaita kituo cha tisa, kwenye kivuli kati ya mawe mawili yaliyoegemeana, ndipo yalipochanua mwaka jana yale maua mekundu ya duara ambayo wataalamu wa mimea huyaita Scadoxus multiflorus. Hapakuwa na kitu. Nilipapasa udongo kwa kidole: unyevu ulikuwa umeingia kina cha ukucha tu, na chini yake palikuwa vumbi. Niliandika "hakuna" na kuweka alama ya kurudi.

Oktoba 5, Luchelele

Siku hii ilikuwa ya mazungumzo zaidi ya kutazama. Mzee mmoja mvuvi, ambaye tumezoeana tangu msimu uliopita, alikuwa akitengeneza wavu chini ya mkuyu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza yeye anatambuaje kwamba mvua imekaribia.

Alianza na dudumizi. "Akilia asubuhi na jioni mfululizo, mwanangu, anza kusafisha mifereji." Ndege huyu, ambaye wengine humwita tipitipi, ana mlio wa kushuka unaofanana na maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu wanamhesabu kuwa ndege wa mvua. Nilimweleza mzee kwamba katika daftari langu dudumizi amelia Juni, Julai na Agosti pia, miezi ambayo hatukupata tone. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba mtu humsikia zaidi anapokuwa anaingojea mvua. Jibu hilo nimeliandika kama alivyolisema, kwa sababu linaeleza ugumu wa kazi hii kuliko nilivyoweza kuueleza mimi.

Kisha tukaingia katika jambo ambalo yeye analijua kwa riziki yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza, yaani usiku usio na mwezi, kwa sababu taa zao huwavuta dagaa vizuri pale tu mwezi haushindani nazo. Mbalamwezi inapofika, makambi hupumzika. Ni wakati huohuo wa giza, mwezi ulipoandama, ndipo mawingu ya wadudu wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua. Wadudu hao hukaa chini ya maji wakiwa viluwiluwi, nao hupanda na kutoka wakiwa na mabawa kwa makundi makubwa yanayofuata mzunguko wa mwezi. Mwaka jana niliwaandika kama dalili ya vuli kwa kuwa niliwaona Oktoba. Mzee amenisahihisha kwamba huwaona karibu kila giza, mwaka mzima. Nimewahamisha kutoka orodha ya mvua kwenda orodha ya mwezi.

Keremkerem wa Ulaya walipita juu yetu kuelekea kusini wakati tunaagana. Tuliwasikia kabla ya kuwaona.

Oktoba 13 na 14

Usiku wa kuamkia tarehe 13 radi zilianza ziwani mapema. Nilikaa barazani nikizitazama, kwa kuwa hizi radi za usiku juu ya maji zina sababu inayoeleweka vizuri: nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa, hewa ya ubaridi huteremka kutoka pande zote za pwani kuelekea majini, na inapokutana huko katikati inaisukuma juu hewa ya uvuguvugu iliyojaa unyevu. Usiku mwingi mvua hiyo huishia ziwani kwenyewe. Safari hii ilitufikia saa kumi alfajiri, ikanyesha mpaka saa mbili, na usiku uliofuata ikarudi. Chupa ilisoma milimita 31 siku ya kwanza na 22 siku ya pili. Mto Mirongo, ambao kiangazi hubaki mkondo mwembamba katikati ya jiji, ulijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Hii ndiyo ninayoiandika kama mwanzo wa vuli.

Oktoba 15, mtaani na Bwiru

Kumbikumbi. Sijapata kuona jambo jingine linaloonyesha kwa ukamilifu namna hii jinsi viumbe wengi wanavyoweza kuisubiri siku moja. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni walitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba kwa matundu ambayo mchwa wafanyakazi walikuwa wameyafungua, wakitambaa kwanza kama maji yanayofurika, kisha wakiruka kwa mabawa ambayo hutumika mara moja tu maishani. Lengo lao ni kutua mbali, kuyakata mabawa, kutafuta mwenzi na kuchimba kiota kipya katika udongo laini. Udongo mkavu wa Septemba haungewaruhusu, na ndiyo maana hawakutoka kwa ile mvua ya milimita 4. Mwewe sita walikuwa wakiwadaka angani kwa makucha na kuwala wakiwa wanaruka. Mbayuwayu walipita chini na juu yao. Vyura, ambao wiki moja iliyopita sikujua wako wapi, walikuwa wamekaa kuzunguka kichuguu wakila bila kuhama. Watoto wa mtaa mzima walikuja na mabeseni na taa, na jirani yetu bibi akawakaanga bila mafuta, kwa chumvi tu, tukala sote.

Asubuhi yake, kabla ya hayo, Bwiru kulikuwa na jongoo wakubwa weusi wakivuka njia, na wale wadudu wadogo wekundu wenye vinyweleo kama mahameli, ambao huonekana juu ya udongo uliolowa kwa siku chache tu kisha hupotea. Mwanangu aliwahesabu wadudu wekundu katika mita moja ya mraba: kumi na mmoja. Kituo cha tisa bado hakuna kitu, ila udongo sasa una unyevu hadi kidole kizima kinapoishia.

Oktoba 24, Bwiru

Yametoka.

Tuliyaona kutoka mbali, kwa sababu hakuna kitu kingine cha rangi ile katika kivuli kile. Vikonyo saba vilikuwa vimetoboa udongo bila jani lolote, na katika kila kikonyo kilichofunguka kuna tufe lililoundwa na maua madogo mengi, kila moja na petali sita nyembamba na nyuzi za chavua zilizotoka nje, hata tufe lote likaonekana kama moto uliosimama bila kuunguza. Mwanangu alihesabu maua madogo katika tufe moja kwa kutumia kijiti, akafika 86. Vikonyo vinne vilikuwa vimefunguka kikamilifu. Vitatu bado vimefungwa.

Tunguu la mmea huu hulala ardhini kiangazi chote na akiba yake ya chakula, na huweza kutoa ua kabla ya kuwa na jani la kujitengenezea chakula. Lina sumu, kwa hiyo mbuzi wanaozurura mawe haya hawaligusi, na nadhani hiyo ni mojawapo ya sababu za kuendelea kuwapo kwake karibu na makazi ya watu.

Hesabu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kutoka mvua kubwa ya tarehe 13 hadi leo ni siku kumi na moja. Nilifungua daftari la mwaka jana palepale juu ya jiwe: mwaka jana mvua kubwa ya kwanza ilikuja karibu mwezi mzima baadaye, mwezi Novemba, na kutoka siku ile hadi ua la kwanza la kituo hikihiki zilipita siku kumi na mbili. Tarehe za kalenda zimeachana sana. Siku za kusubiri baada ya maji zimekaribiana. Na ile mvua ndogo ya Septemba, iliyowashawishi watu kupanda, haikulishawishi tunguu.

Novemba 2, Bwiru

Ninaandika siku hii kwa masikitiko. Jiwe la upande wa kulia wa kituo cha tisa limepasuliwa. Kazi hii inajulikana Mwanza nzima: moto mkubwa hukokwa juu ya jiwe mpaka lipasuke kwa joto, kisha vipande hugongwa kwa nyundo kuwa mawe ya msingi na kokoto. Moto ulikuwa umewashwa mahali hasa yalipokuwa maua. Udongo ulikuwa mweusi, na tunguu mbili zilizokuwa juujuu zilikuwa zimeiva kama vitunguu vilivyosahauliwa jikoni. Nilizishika mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama mmoja alikuwa amekaa chini ya mwavuli uliochakaa akipasua kokoto. Sikuwa na haki ya kumlaumu: jiwe si langu, kokoto zinalisha watoto, na nyumba ninayolala imejengwa kwa msingi wa mawe ya kilima kama hiki. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwonyesha picha ya ua kwenye simu na kumweleza kwamba nilikuwa nikiyahesabu.

"Hayo?" akasema. "Hayo ndiyo yanayoniambia nipande. Yakitoka, nachukua jembe. Kabla hayajatoka hata mvua ikinyesha sipandi."

Nilimwomba arudie, nikaandika. Akaniambia kwamba mama yake alimfundisha hivyo walipokuwa wakiishi Magu, na kwamba mwaka huu aliwaona watu wakipanda Septemba na mahindi yao yakafia shambani yakiwa na majani mawili. Kisha akanipeleka, umbali wa dakika kumi, hadi kwenye shamba lake dogo nyuma ya nyumba za juu ya kilima. Pembeni mwa shamba kuna kichuguu cha zamani, na juu ya kichuguu kuna maua hayo yasiyopungua ishirini, mengine yakianza kunyauka. Hakijawahi kulimwa kichuguu hicho, kwa amri yake. Mahindi yake, yaliyopandwa Oktoba 26, yalikuwa yameota kwa mistari iliyonyooka.

Sasa ninaelewa jambo ambalo msimu mzima uliopita nililielewa vibaya. Nilikuwa nikilitafuta ua linalotabiri mvua. Ua hili halitabiri chochote, bali linathibitisha: maji yamekwisha kuingia ardhini kina kinachotosha, tena yamekaa humo kwa siku zinazotosha, mpaka tunguu lililozikwa limeyahisi. Kwa mkulima asiye na chombo cha kupimia unyevu wa udongo, hilo lina manufaa kuliko utabiri. Chupa yangu ya plastiki hupima kilichoanguka. Ua la mama huyu hupima kilichobaki.

Kituo cha tisa kinafungwa leo. Kituo kipya, cha kumi, ni kichuguu hiki, na mama amekubali kunipigia simu kila mwaka ua la kwanza litakapofunguka. Jina lake siliandiki hapa, kwa sababu hilo ni lake mwenyewe.

Novemba 16, Luchelele

Ufukwe umebadilika kuliko vilima. Kwera wa kiume wamevaa manjano yao ya kuzalia na wanasuka viota juu ya matete kwa vipande virefu wanavyovichana kutoka kwenye majani ya mafunjo, na jike huja, hukagua, na mara nyingi huondoka. Kiota kilichokataliwa hubomolewa na kuanzwa upya. Tulihesabu viota thelathini na nne. Katika ghuba ndogo yungiyungi za buluu zilikuwa zimefunguka, na juu ya majani yake sile-maua alikuwa akitembea kwa vidole vyake virefu mno, akifuatwa na vifaranga watatu. Kwa ndege huyu baba ndiye anayeatamia na kulea, na hatari inapokuja anaweza kuwabeba vifaranga chini ya mabawa. Hatari ilikuja, kwa umbo la kenge, lakini alichagua kuwaongoza kuelekea kwenye mafunjo, kwa hiyo jambo hilo la kubeba bado sijaliona kwa macho.

Gugumaji nalo limechanua, kwa maua ya zambarau hafifu ambayo wageni hupenda kuyapiga picha. Ninaliandika katika ukurasa wake peke yake. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lilienea katika ziwa letu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na lilipungua sana baada ya wadudu wanaolila kuachiwa ziwani kwa makusudi katika nusu ya pili ya muongo huo. Halisubiri vuli, kinachoamua wingi wake kwenye ghuba fulani ni upepo na uchafu wenye rutuba unaoshuka kutoka mijini. Kwa sababu ya namna hiyohiyo mijakaranda na mikrismasi ya barabarani nimeiweka katika orodha ya miti iliyopandwa, ingawa ninakiri kwamba mikrismasi ya njia ya Capri Point mwezi huu imewaka kwa uzuri ambao hata daftari halikuweza kuunyamazia.

Mzee mvuvi alinionyesha alama kwenye shina la mkuyu, juu ya goti lake, mahali maji yalipofika mwaka 2020. Mwezi Mei mwaka huo ziwa lilipanda hadi kukivuka kiwango cha juu cha mwaka 1964, na mistari yote ya matete tuliyokuwa tukiitazama leo ilikuwa imezama. Matete haya yameota upya tangu wakati huo, na kwera wamerudi pamoja nayo.

Novemba 30, Bwiru na Capri Point

Mkalamu umechanua. Huu ni mmea unaotambaa juu ya vichaka kwa kujishika na ncha za majani yake zilizojikunja kama ndoano, na ua lake lina petali zilizopinda kurudi nyuma, za manjano zinapofunguka na nyekundu zinapozeeka, kwa hiyo mmea mmoja huonyesha umri wa maua yake wote kwa wakati mmoja. Kiazi chake kina sumu kali sana, na nilimkataza mwanangu kukigusa. Kutoka mvua kubwa ni siku arobaini na nane. Mwaka jana zilikuwa arobaini na moja. Tofauti ya siku saba inatosha kunifanya nisiseme lolote bado.

Kwenye mawe ya Capri Point tulitumia saa nzima na mjusi ambaye mji huu umempa jina. Agama mwanzae alielezwa kitaalamu na Arthur Loveridge mwaka 1923. Dume ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, na huonyesha ubabe kwa kuinua na kushusha kifua juu ya jiwe lililo juu kuliko yote. Jike ana rangi ya kahawia na watu wengi humpita bila kumwona. Leo jike ndiye tuliyemfuata. Alishuka kutoka kwenye jiwe, akachagua mahali penye mchanga uliolowa chini ya nyasi, akachimba kwa miguu ya mbele kwa dakika ishirini, akaingia nusu ya mwili na kukaa kimya. Alipotoka alifukia na kupapasa udongo kwa uangalifu mpaka sisi wenyewe, tuliokuwa tukitazama, tukawa hatuna hakika ya mahali. Tumeliandika kwa vipimo kutoka kona ya jiwe. Hapa tena ni udongo uliolowa uliokuwa ukisubiriwa.

Desemba 14

Mvua imekatika kwa siku kumi. Njia ya Bwiru: kongwe kila mahali, na kishona nguo kimeanza kushika suruali. Nilipong'oa kongwe moja nilimwonyesha mwanangu vitawi vyeupe vya chini ya udongo, kwani aina hii huzaa mbegu juu na nyingine chini ya ardhi, zisizoguswa na jembe wala mbuzi. Usiku, senene wachache kwenye taa za barabarani.

Januari 11, njia zote tatu

Matembezi ya kufunga msimu. Kituo cha kumi maua yamegeuka kuwa matunda madogo ya kijani, mengine yameanza kuwa mekundu, na majani mapana yametoka na kukifunika kichuguu chote. Mama alikuwa amekwisha kuvuna mahindi mabichi machache na akatupa matano ya kuchoma. Kituo cha tisa, nilikopita bila matumaini, kilikuwa na jani moja, jembamba na lenye kingo zilizoungua, limetoka katikati ya majivu upande ambao moto haukufika vizuri. Nimepigilia kijiti kando yake.

Katika viumbe na mimea thelathini na mbili ya orodha ya mwaka jana, nimeondoa sita: wadudu wa ziwani, dudumizi, gugumaji, mijakaranda, mikrismasi, na miembe, ambayo huchanua katikati ya kiangazi na haina uhusiano na swali langu. Waliobaki nimewagawa katika makundi matatu. Wanaotangulia mvua ni mwamba-ngoma, mbayuwayu na keremkerem. Wanaokuja nayo ni kumbikumbi, jongoo, vyura na wadudu wekundu. Wanaosubiri ardhi ndio wengi, na katika hao ni maua mekundu peke yake yaliyosubiri kwa siku zinazolingana katika misimu miwili. Misimu miwili ni michache, na nitahitaji mingine kabla ya kumshauri mtu yeyote apande kwa daftari langu, ingawa mama wa kichuguu hahitaji ushauri huo.

Kazi iliyobaki kabla ya msimu wa tatu ni ndogo. Februari nitahesabu majani kwenye kichuguu ili kujua tunguu ni ngapi hasa, na nitapima kina cha unyevu kwa kijiti chenye alama badala ya kidole. Machi nitarudi kwenye nyaya za umeme za Capri Point kila asubuhi, kwa kuwa safu ya mbayuwayu ina tarehe ya kufika tu na nafasi ya tarehe ya kuondoka bado iko wazi.